Shangazi, meza zangu za puli zilipwe kwa sarafu, tokeni au simu?

Shangazi,

Salamu nyingi kutoka Busia, upande wa Uganda. Najua safu yako hujaa mambo ya ndoa na mahari, lakini kinachoninyima usingizi mimi ni meza za puli.

Ninazo tano. Mbili ziko mjini karibu na mpaka, moja Masafu, moja Lumino na moja Majanji kwa wavuvi. Zote zinalipwa kwa sarafu ya mia tano: mchezaji anaiweka kwenye kitelezi, anasukuma, mipira inashuka. Baa si zangu. Mwenye baa ananipa nafasi, kila wiki tunafungua boksi pamoja, mimi nachukua asilimia 60 na yeye 40.

Zamani Majanji peke yake ilikuwa ikileta kama 120,000 kwa wiki. Siku hizi nahesabu 96,000, na nikipita pale mchana, nyavu zikiwa zimeanikwa, vijana wamejipanga wanasubiri zamu. Ndani ya boksi nakuta washa za bolti. Mjini nakuta hata sarafu za kumi za Kenya. Lumino sikuti washa hata moja, ila pesa yake ndiyo ndogo kuliko zote. Hapo mwenye baa ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na ufunguo wa meza anao yeye, kwa sababu mipira hukwama na siwezi kupanda boda hadi Lumino kila inapokwama.

Sasa amekuja muuzaji kutoka Kampala na kisanduku cha malipo ya simu. Mteja analipa kwa MTN au Airtel, meza inafunguka yenyewe, na mimi naona kila mchezo kwenye simu yangu nikiwa nyumbani. Kisanduku kimoja ni 1,800,000, halafu 40,000 kila mwezi ya laini na huduma. Anasema kinaweza pia kushika dau la wachezaji wawili na kumlipa mshindi. Rafiki yangu wa Tororo ananiambia niachane na hayo, ninunue tokeni, vile vipande vya chuma vinavyowekwa mezani badala ya sarafu. Mwingine anasema nilipishe kwa saa. Na mwenye baa mmoja wa mjini anataka nimwachie meza tu, awe ananipa hesabu ya siku, kiasi kilekile kila siku, kama ya boda.

Kila mmoja ana maneno matamu. Nichague lipi?

Mwenye Meza, Busia


Mwanangu Mwenye Meza,

Barua za ndoa zitasubiri. Na hata hivyo yako ina shemeji ndani yake, kwa hiyo hujatoka nje ya safu yangu.

Tuanze na kisanduku cha muuzaji, maana ndicho kinachotaka pesa nyingi. Chukua Majanji. Umeshuka kutoka 120,000 hadi 96,000, yaani 24,000 kwa wiki hazionekani. Fungu lako humo, kwa asilimia 60, ni 14,400. Kwa wiki nne ni 57,600. Tuseme kisanduku kimeziba kila tundu, hakuna hata mia moja inayopotea. Toa 40,000 za muuzaji kila mwezi, unabaki na 17,600. Gawanya 1,800,000 kwa hizo. Ni zaidi ya miaka minane kabla hujarudisha ulichonunulia, na hapo sijahesabu bia itakayomwagikiwa kisanduku chenyewe. Na baa zetu tunazijua. Zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona na hazikufunguliwa hadi Januari 2022. Meza ya chuma na mbao iliweza kukaa chini ya turubai ikingoja bila kumdai mtu, lakini ada ya kila mwezi haijui kungoja.

Sisemi malipo ya simu ni mabaya. Kwa mtu mwenye meza kumi ndani ya jumba moja la starehe Kampala, umeme upo, mtandao upo, wateja hawajabeba sarafu, na mchezo ni 2,000 au zaidi, ningemwambia anunue. Wewe unauza mchezo wa mia tano kandokando ya ziwa.

Tena jiulize kisanduku kinavyofanya kazi. Mteja anaweka namba ya siri, pesa inaingia kwenye akaunti, kampuni ya simu inapeleka ujumbe kwa mtambo wa muuzaji, mtambo unapeleka amri kwa laini iliyo ndani ya meza yako, ndipo mipira inashuka. Mtandao ukiwa mzuri ni sekunde chache. Ukiwa mbaya, mteja ameshakatwa na mipira imekaa. Ni saa nne usiku, ameshakunywa, mwenzake anamcheka, na wa kulaumiwa ni kijana wa baa ambaye hajui lolote kuhusu mtambo huo. Siku ya uchaguzi wa Februari 2016 huduma za pesa kwa simu zilizimwa nchi nzima, na Januari 2021 intaneti ikakatwa kwa siku kadhaa. Vijana hawana pa kwenda siku kama hizo, ndizo siku meza ingecheza kutwa. Halafu wewe uko mpakani: yule anayetoka ng'ambo ana M-Pesa yake yenye shilingi za Kenya, na namba yako ya malipo ni ya Uganda. Na pesa iliyoingia kwenye simu ikitolewa kuwa noti ina ada ya wakala, na juu yake kodi ya nusu asilimia.

Lakini sababu kubwa ya kukukataza ni nyingine. Hujui bado unaibiwa wapi. Washa kwenye boksi ni wizi mmoja. Wizi wa pili hukuuona kwa sababu hauachi alama: kijana anasokota kitambaa au soksi, anakijaza kwenye shimo la meza, mpira ukiingia haudondoki ndani, unakaa hapo juu. Mchezo ukiisha wanatoa mipira kwa mkono na kuipanga upya. Kwa sarafu moja wanacheza hadi jioni. Kisanduku cha milioni na laki nane hakimwoni kijana wa soksi, kwa sababu kazi yake ni kuachia mipira tu, na yeye hajaomba iachiwe. Dawa ya soksi ni taa juu ya meza na mtu wa baa anayepata faida mchezo mpya ukichezwa. Wizi wa tatu ni wa ufunguo, na huo nitaurudia.

Kwa hiyo kabla hujabadilisha chochote, nunua mita ndogo za namba, zile za kuhesabu kimitambo zisizotaka umeme, moja kwa kila meza. Fundi atataka kuifunga kwenye kitelezi kwa sababu ni rahisi. Mkatalie. Aifunge kwenye mkono wa ndani unaoachia mipira. Ikiwa kwenye kitelezi itahesabu sarafu tu, na sarafu unaweza kuzihesabu mwenyewe. Ikiwa kwenye mkono, itahesabu kila mara mipira iliposhuka, awe aliyeishusha amelipa au amefungua mlango na kuunyanyua mkono kwa kidole.

Sasa ukifika Majanji unasoma mita. Imepanda 240, kwa hiyo boksi lina deni la 120,000. Ukikuta 96,000 na washa 48, umejua: ni washa. Ukikuta 96,000 na hakuna washa, mtu ana ufunguo. Na mita yenyewe ikiwa imepanda 192 tu huku wewe umeona foleni kwa macho yako, tafuta soksi. Hakuna mfumo usioibiwa, mwanangu, huo usiutafute. Unachotaka ni mfumo utakaokuambia wiki hiyohiyo pesa imetokea mlango gani.

Kuhusu washa: kitelezi cha kusukuma hakijui pesa. Kinajua upana na unene tu, na kikichakaa hata hivyo husahau. Kumi ya Kenya na mia tano yetu zinakaribiana upana. Weka moja juu ya nyingine uone. Yetu ni nene na nzito zaidi, na kitelezi kipya kingeihisi tofauti hiyo. Chako kimelegea. Mwambie fundi abadilishe pini za ndani na springi, na asikipake grisi. Grisi inashika vumbi la barabarani na baada ya mwezi kitelezi kinakwama katikati, watu wanakipiga teke. Kikaushwe, kisafishwe kwa brashi, basi.

Sasa tokeni. Rafiki yako wa Tororo ana akili, ingawa nadhani hakukwambia sababu iliyo bora. Watu husifu tokeni kwa kuwa haziliki: mwizi akiiba kipande cha chuma chenye mfereji katikati hawezi kununua nacho sukari. Ni kweli. Ila faida yenyewe iko kwenye mauzo. Leo wewe na mwenye baa mnagawana kilichobaki ndani ya boksi, kwa hiyo kila wiki mnaangaliana. Ukiwa na tokeni unamuuzia jumla. Pakiti ya tokeni 50 anakupa 15,000 mkononi, yeye anaziuza mia tano mia tano na kupata 25,000. Ni asilimia 60 na 40 zilezile, lakini umelipwa kabla mpira haujagongwa. Anazipanga kaunta pamoja na sigara na vocha. Akimchezesha rafiki yake bure, ametoa tokeni aliyoinunua. Akiona soksi kwenye shimo, ni biashara yake inayokufa, atapiga kelele mwenyewe. Wewe ukija unafungua boksi, unatoa tokeni zako, unalinganisha na mita, unamuuzia tena zilezile.

Na kwa mpakani tokeni zinakutoa kwenye vita ya sarafu. Mteja alipe kaunta kwa shilingi ya Kenya, ya Uganda, au atume kwa simu kwa mwenye baa. Bei ya kubadilisha ni shauri la mwenye baa na wabadilisha fedha wa pale nje. Wewe ulishalipwa. Hivyo ndivyo malipo ya simu yanavyoweza kuingia kwenye biashara yako bila kisanduku cha mtu yeyote. Bei ikipanda pia, hubadilishi chuma. Sarafu ya mia tano tunayo tangu 1998, na ya elfu moja iliyotoka 2012, Uganda ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, ni nadra kuiona mfukoni mwa mtu. Siku mchezo ukifika 700 utaweka sarafu gani? Tokeni ni ileile, unabadilisha bei ya pakiti.

Angalia mambo haya ukinunua. Chagua kipimo kisichofanana na sarafu ya Uganda wala ya Kenya, chenye mfereji au alama ambayo fundi wa jua kali hataweza kuikata kwa dakika mbili. Kitelezi lazima kibadilishwe kifuate tokeni hiyo. Kwa meza inayocheza 240 kwa wiki weka tokeni 300, maana nyingine zitaondoka mifukoni mwa watu. Usizifurahie hizo kama pesa ya bure. Siku moja zitarudi zote Jumamosi moja.

Ila mwenye baa asiye na mtaji hataweza kununua pakiti, na atakuomba kwa mkopo. Ukikubali mkopo umerudi ulikotoka. Mpe pakiti ndogo, hata ya tokeni 20 kwa 6,000, lakini pesa kwanza. Kreti za bia analipia kabla ya kuuza, kwa nini tokeni zimshinde?

Kwa meza zako mbili za mjini, kama kuna umeme wa kuaminika, unaweza kufikiria kipokezi cha sarafu cha kielektroniki. Hicho hulinganisha sarafu na mfano uliokifundisha, washa kinaitema. Hutumia volti 12, kwa hiyo betri ndogo na sola vinatosha umeme ukikatika. Si ghali kama kisanduku cha simu na hakina ada ya mwezi. Lakini kikifa hakitengenezwi kwa bisibisi, na Majanji unyevu wa ziwa utakimaliza. Mjini jaribu kimoja, si viwili.

Kuna njia moja ya simu nakuomba usiiguse: mteja atume pesa kwa namba ya kijana wa baa, aonyeshe ujumbe, kijana afungue meza kwa ufunguo. Ujumbe wa kughushi wa pesa umejaa kila senta ya biashara, na hapo utakuwa umempa kijana ufunguo kwa idhini yako.

Malipo ya saa yanafaa klabu yenye mhudumu, saa ya ukutani na wachezaji wanaojifunza. Kwenye baa ambapo mshindi anabaki mezani na mpinzani mpya anakuja, nani atalipa dakika za kupaka chaki na kubishana kama mpira mweupe uligusa? Utagombanisha watu.

Hesabu ya siku sikukatazi kwa yule wa mjini. Ukishajua kwa mita meza yake inacheza kiasi gani, mpangie. Kabla ya hapo ni yeye anayejua, na ndiyo sababu anaitaka. Akikubali hesabu, matengenezo ya kitambaa na fimbo yawe juu ya nani? Andikeni. Meza ya hesabu huchezwa hadi kitambaa kinatoboka.

Dau ndani ya kisanduku, hapana. Meza ya kulipia mchezo ni starehe. Kushika pesa za wawili na kumlipa mshindi ni kuingia kwenye sheria ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya 2016, inayotaka leseni na kumkataza aliye chini ya miaka 25. Vijana wako wa Majanji wangapi wamefika 25? LC, yaani viongozi wa mtaa, na polisi tayari wanaziangalia meza za puli kwa jicho baya saa za kazi. Usiwape sababu ya kubeba meza kwenye pikapu.

Sasa Lumino. Umesema hakuna washa hata moja na pesa ni ndogo kuliko kote. Nilisoma hapo mara mbili. Mahali mlango unafunguka kwa ufunguo, nani atahangaika kutafuta washa? Lakini usimhukumu shemeji kwa barua ya shangazi. Huenda Lumino kweli hakuna wachezaji. Huenda ufunguo anauchezea kijana wake wa usiku. Mita ndiyo itakayosema, na itasema bila kumtaja mtu.

Unachoweza kufanya wiki hii ni kutenganisha kufuli. Mlango wa mipira uwe na wake, boksi la pesa lake, fundi wa kuchomelea atakuwekea kwa bei ndogo. Shemeji abaki na ufunguo wa mipira kwa ajili ya kukwama. Wa boksi uwe kwako. Na mkwamo wenyewe uutafutie chanzo: angalia mpira mweupe. Meza huutenga na mingine kwa ukubwa, uzito au sumaku, ndiyo maana hurudi upande wake. Ule wa kwanza ukipotea na mtu akanunua wowote sokoni, huo hufuata njia isiyo yake na kuziba. Beba mpira wenye kipimo sahihi, na huenda ufunguo wa mipira usihitajike tena.

Usianzie kwake, akaona umemlenga. Anza Majanji, kisha Masafu, mjini, halafu Lumino, mita zilezile na kufuli zilezile, na umwambie mke wako kabla kaka yake hajamsimulia. Ukifika kwa shemeji mwambie utaratibu umebadilika kwenye meza zote, umpelekee pakiti ya kwanza ya tokeni kwa bei ileile ya wengine. Akizinunua, kazi iendelee. Akisema yeye ni ndugu na hawezi kulipa kwanza, mpe mwezi mmoja mgawane kwa namba ya mita, si kwa kilichomo kwenye boksi. Akikataa na hilo, meza ya puli ina miguu minne na Masafu kuna baa zaidi ya moja.

Shangazi